Saa Saba za Wiki, Michezo Mitatu: Utatuzi wa Matatizo ya Mazoezi ya Triathloni Unguja na Pemba

Anayejiandaa kwa triathloni (kuogelea, baiskeli na mbio, kwa mfululizo) hapa kwetu ana lalamiko moja: muda hautoshi. Ukikaa naye mkapitia wiki iliyopita siku kwa siku, mara nyingi saa zinapatikana. Kakimbia mara nne, kapanda baiskeli mara moja, na bahari kaiona akipita Forodhani kwenda kunywa urojo. Muda anao. Umekaa pasipostahili.

Wengi wanaoingia mchezo huu Zanzibar wametoka kwenye vikundi vya mazoezi ya viungo, vile vinavyojaza barabara kila tarehe 1 Januari. Mbio wanazo. Baiskeli wameipanda tangu wakiwa skuli. Majini ndiko kwenye kazi, na hilo huwashangaza wenyewe, kwa sababu kuzaliwa kisiwani hakumfundishi mtu kuogelea mita 750 bila kusimama. Kuruka kutoka ukutani pale Forodhani ni ufundi mwingine kabisa.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili: tafuta inayokuhusu, soma chanzo chake, rekebisha jambo moja, kisha subiri wiki mbili tatu kabla ya kugusa jingine. Nimechukulia kwamba unalenga masafa mafupi (kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5) au yale ya Olimpiki (mita 1,500, kilomita 40, kilomita 10), ambayo yaliingia kwenye Michezo ya Olimpiki mara ya kwanza Sydney mwaka 2000.

Anzia kwenye hesabu

Tuseme una saa 7 kwa wiki. Mgawo wa kuanzia ambao hauwezi kukuumiza ni huu: baiskeli saa 3, mbio saa 2, kuogelea saa 1 na nusu, na nusu saa ya mazoezi ya nguvu ya nyonga, mgongo na mabega. Baiskeli inachukua sehemu kubwa kwa sababu inameza karibu nusu ya muda wa mashindano, na kwa sababu mwili huistahimili. Unaweza kuongeza saa nzima ya baiskeli bila kuamka na maumivu ya mfupa. Mbio haziko hivyo, kwani kila hatua uzito wote unatua mguu mmoja, na mifupa na kano hukomaa polepole kuliko moyo na mapafu. Kuogelea kunapata dakika chache lakini mara nyingi. Hili nitalirudia hapa chini kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi.

Huo ni mgawo wa kuanzia tu. Wako wewe unautafuta kwa kuuliza dakika zako ziko wapi. Chukua mtu wa masafa mafupi. Anaogelea mita 100 kwa dakika 3, hivyo mita 750 zinamchukua dakika 22 na nusu. Akifika dakika 2 na nusu kwa mita 100, anatumia dakika 18 na sekunde 45. Kaokoa dakika 3 na sekunde 45. Baiskeli anakwenda kilomita 22 kwa saa, kwa hiyo kilomita 20 ni dakika 54 na nusu hivi. Akifika kilomita 25 kwa saa ni dakika 48 kamili. Kaokoa zaidi ya dakika 6. Mbio anakimbia kilomita moja kwa dakika 6 na nusu. Akishuka hadi dakika 6, kilomita 5 zinampa dakika 2 na nusu tu. Na mtu huyuhuyu, ukimwachia apange mwenyewe, saa nne kati ya saba atazipeleka kwenye mbio, kwa sababu mbio anazipenda na viatu viko mlangoni.

Fanya hesabu hiyo kwa takwimu zako kabla ya kusoma dalili yoyote.

Dalili: Kila Jumapili unaogelea saa nzima, miezi inapita, na bado ukifika dakika ya tano pumzi zimekatika

Chanzo cha kwanza ni idadi ya mara. Kuogelea ni ufundi kabla ya kuwa nguvu, na ufundi wa majini unasahaulika haraka. Ukikaa siku sita bila kugusa maji, dakika ishirini za kwanza za Jumapili zinakwisha kwa kukumbuka ulichokuwa unajua, na ishirini za mwisho unaogelea vibaya kwa uchovu, yaani unajifunza makosa. Dakika 30 mara tatu kwa wiki zinashinda dakika 90 mara moja. Hazilingani hata kidogo.

Hapo mtu ataniambia: “Mara tatu nitazipata wapi, natoka kazini saa tisa na nusu, na nikifika ufukweni maji yametoka?” Swali hili lina haki, na ndilo linalozitofautisha ratiba zetu na zile zinazosambaa mtandaoni zilizoandikwa na watu wenye bwawa la mita 25 linalofunguliwa alfajiri. Jumanne kuogelea, Alhamisi kuogelea, Jumamosi kuogelea. Bwawa halina bamvu, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Bahari yetu inayo, na kina cha maji kati ya kujaa na kupwa kinaweza kutofautiana kwa karibu mita 4 siku za bamvu. Paje au Jambiani ukienda wakati mbaya utatembea nusu saa juu ya mchanga na mashamba ya mwani kabla ya kufikia maji ya kiunoni.

Kwa hiyo panga wiki yako kuanzia majini. Weka kwanza siku na saa za kuogelea kwa kufuata mwezi, kisha baiskeli, na mbio zijaze nafasi zilizobaki, maana mbio zinakubali saa yoyote na mahali popote. Wengi hupanga kinyume: mbio kwanza, bahari mwisho, na bahari haijipangi kwa ajili ya mtu.

Utaratibu wenyewe mvuvi yeyote anaujua. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji upande wetu hujaa karibu saa 10 hadi 11, alfajiri na tena alasiri, na kupwa karibu saa 4 hadi 5, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Siku tatu nne baada ya bamvu, kujaa kumesogea hadi mapambazuko na magharibi. Wiki moja baadaye unaingia maji mafu: kujaa ni kati ya saa 4 na 5 asubuhi, kupwa alasiri, lakini tofauti ya kina ni ndogo, hivyo upande wa magharibi wa Unguja hata maji yakiwa yamepwa unaweza kuogelea.

Itafsiri sasa kwenye ratiba ya mtu anayefanya kazi. Wiki ya bamvu ndiyo wiki yako ya majini. Ukitoka kazini maji yako juu, na zikipita siku chache alfajiri nayo inakufaa. Ogelea mara tatu, hata nne. Wiki ya maji mafu ogelea mara mbili: moja asubuhi ya mwisho wa wiki maji yakiwa yanajaa, nyingine jioni yoyote ufukwe wa magharibi, na saa zilizobaki zipe baiskeli. Ukitazama wiki moja peke yake utaona umepinda mgawo. Ukitazama wiki mbili kwa pamoja, umekaa sawa. Kendwa na Nungwi wana bahati yao, maji hayakimbii mbali, na wao wanaweza kuogelea karibu saa yoyote. Aliye mashariki hana budi kuishi kwa jedwali la maji. Na kama hujui kulisoma, mtafute mzee pwani, mpe shikamoo yake kwanza, kisha umuulize maji yatajaa saa ngapi kesho. Jibu utalipata bila kufungua simu.

Chanzo cha pili ni pumzi. Anayechoka ndani ya dakika tano kwa kawaida anabana pumzi uso ukiwa majini, kisha anainua kichwa kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja. Kichwa kikipanda, miguu inazama. Miguu ikizama, anapiga mateke kwa nguvu ili kuinyanyua. Mateke yanakula hewa. Toa pumzi mfululizo ukiwa ndani ya maji, mpaka ukigeuza uso kazi iliyobaki iwe kuvuta tu. Miguu ipigwe kutoka nyongani, taratibu, si kutoka gotini. Maji ya chumvi yanakusaidia kuelea kuliko ya bwawa, basi usiyapige ngumi.

Nguo nazo zihesabu, hasa kwa dada zetu. Dera au kanga ikilowa inavuta na kupunguza mwendo kuliko udhaifu wowote wa mikono. Nguo ya stara ya kitambaa kisichonyonya maji, iliyokaa karibu na mwili mikononi na miguuni, inabadilisha zoezi zima.

Jinsi ya kupima bila bwawa: usihangaike na mita. Chagua alama mbili, mfano mashua mbili zilizotia nanga au mnazi na jengo, ogelea kwenda na kurudi ili mkondo unaokusukuma upande mmoja ukurudishe upande mwingine, na uandike muda. Mazoezi yafuate dakika: dakika 4 za bidii ya wastani, dakika 1 ya kupumzika, mara tano. Mita zitakuja zenyewe.

Na usalama, kwa ufupi lakini bila mzaha: usiogelee peke yako. Valia kofia ya rangi kali, na ujifunge kamba na kitu kinachoelea na kuonekana. Dumu tupu la lita 5 linafanya nahodha wa boti akuone, ingawa si kifaa cha kuokolea maisha. Kaa mbali na bandari ya Malindi na njia za boti. Karibu na mianya ya mwamba upande wa mashariki, maji ya bamvu yanapotoka, mkondo unaweza kumchukua hata mwogeleaji mzuri. Baada ya mvua kubwa usiogelee mbele ya Mji Mkongwe, kwani maji machafu ya mji yanaishia hapohapo.

Dalili: Unatoka majini hoi, na kilomita tano za kwanza za baiskeli miguu haina kitu

Kama mazoezini unaogelea vizuri na siku ya mashindano au majaribio unatoka hivi, tatizo si mgawo wa muda. Umeanza kwa kasi. Mita mia za kwanza, kila mtu anapigana kutoka mbele, moyo unapanda na haushuki tena. Fanya mazoezi ya kuanza polepole kwa makusudi, na umalize kwa kasi kuliko ulivyoanza.

Kama hata mazoezini unatoka hoi, angalia miguu. Anayepiga mateke mazito majini anafika kwenye baiskeli na mapaja yaliyokwisha kutumika. Punguza mateke mpaka yawe ya kusawazisha mwili tu, mikono ifanye kazi. Jingine ni kuinua kichwa mno kutazama mbele. Baharini lazima uangalie unakoelekea, lakini inatosha kuinua macho juu ya maji kidogo kila baada ya mikono minane hadi kumi, kisha ugeuze uso pembeni kuvuta hewa.

Dalili: Unapanda baiskeli kila wiki, kasi ileile tangu mwaka jana

Kabla ya kulaumu baiskeli, na kabla ya kukopa fedha za kununua nyingine, tazama unapopanda. Kutoka Kwerekwe hadi Mjini na kurudi, katikati ya daladala na bodaboda, kunachukua saa moja ambayo labda dakika 25 zake ndizo zilizokuwa mazoezi. Zilizobaki ni breki. Saa 3 za namna hii kwa wiki ni saa 1 na kitu.

Toka nje ya mji, alfajiri ya Jumamosi au Jumapili, mara mwanga unapoanza. Njia ya Tunguu kuelekea Jozani na Paje inakupa kilomita nyingi zisizokatika na sehemu zenye kivuli. Kutoka mjini hadi Paje ni kama kilomita 50, kwa hiyo wa masafa mafupi ageuzie Jozani au kabla. Pale Jozani punguza mwendo: kuna matuta, na yamewekwa kwa sababu ya kima punju wanaovuka barabara.

Upepo nao ni kocha, ukijua kumtumia. Wakati wa kusi, unaovuma kutoka kusini mashariki, nenda njia ya Paje: unakwenda ukipambana nao miguu ikiwa mipya, unarudi unakusukuma. Wakati wa kaskazi geuza, chukua njia ya Mahonda na Kinyasini kuelekea kaskazini. Nimewaona wengi wakifanya kinyume, wanakwenda wakipepea, wanajisifu kwa kasi, kisha kurudi wanakokota huku jua limeshapanda. Na ukikutana na upepo wa mbele, usipime kasi. Pima bidii. Kilomita 20 kwa saa dhidi ya kusi ya mwezi wa Julai inaweza kuwa kazi kubwa kuliko 28 ukirudi.

Wa Pemba wana jambo lao. Barabara ya Chake hadi Wete, au Mkoani hadi Chake, ni kupanda na kushuka. Akilinganisha kilomita zake na za mtu wa Unguja atajiona mvivu, kumbe saa 2 za vilima Pemba zina uzito kuliko saa 2 za tambarare. Pembani pangeni kwa saa, msipange kwa kilomita, na kwenye wiki yenye vilima vingi punguzeni mbio za kasi, kwa sababu mapaja yamekwisha kulipa.

Ukishatoa hayo yote, ndipo uiangalie baiskeli yenyewe. Tairi laini, mnyororo mkavu wenye kutu ya chumvi, breki inayogusa rimu: fundi wa mtaani anamaliza hayo asubuhi moja. Kiti kikiwa chini mno unapoteza nguvu na kuumiza goti. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukiweka sehemu ya mbele ya mguu mahali pake, goti libaki limekunjika kidogo. Baiskeli nzito ya sokoni inatosha kabisa kwa mashindano ya kwanza.

Dalili: Ukishuka kwenye baiskeli miguu inagoma kukimbia

Kidogo ni kawaida kwa kila mtu. Misuli ilikuwa ikizunguka, sasa inatakiwa itue. Ikiwa baada ya dakika kumi bado unaburuza, kuna chanzo kimoja kati ya viwili.

Huenda unakanyaga gia nzito. Wanaume hasa wana ugonjwa huu. Gia nzito inaonekana ya kishujaa. Miguu ikizunguka mara 60 kwa dakika, kila mkanyago ni mzigo. Lenga 80 hadi 90. Hesabu goti moja linapanda mara ngapi kwa sekunde 15: zikifika 20 hadi 22 uko sawa. Dakika chache za mwisho za baiskeli legeza gia kabisa, zungusha kwa wepesi.

Au hujawahi kuunganisha. Mtu anapanda baiskeli Jumamosi, anakimbia Jumatatu, kisha anategemea mwili ujue kuvifuatanisha siku ya mashindano. Mara moja kwa wiki, ukifika nyumbani kutoka kwenye baiskeli, iegemeze ukutani, vaa viatu, kimbia dakika 10 hadi 15. Hizo tu. Huna haja ya kukimbia kilomita 8, na uzuri wake ni kwamba unaokoa muda: hubadilishi nguo mara mbili, huogi mara mbili, hutafuti nafasi nyingine ya siku. Kwa mwenye saa 5 au 6 kwa wiki, zoezi hili ndilo la mwisho kufutwa.

Dalili: Maumivu

Muundi unauma kwa mbele, hasa ukianza kukimbia: umeongeza mbio haraka. Punguza kwa nusu kwa wiki mbili, saa zilizopungua zihamishie baiskeli na majini, kisha ongeza polepole, karibu sehemu moja ya kumi kwa wiki. Ikiwa maumivu yako mahali pamoja palipo padogo kama ncha ya kidole na yanauma hata usiku, acha kukimbia na umwone daktari. Huo unaweza kuwa ufa wa mfupa.

Goti kwa mbele: kiti cha baiskeli kiko chini, au gia nzito. Goti kwa nyuma: kiti kiko juu. Kano ya kisigino: mbio za mchanga laini, au viatu vilivyoisha. Ukitaka kukimbia pwani, kimbia kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yametoka, na ukumbuke kwamba ufukwe umeinama. Kwenda na kurudi kwa mstari uleule kunasawazisha miguu. Bega linauma kwa juu: umeongeza kuogelea kwa mkupuo, au mkono unavuka katikati ya kichwa unapoingia majini.

Mchezo wa tatu ndio dawa ya wa kwanza, na hii ni faida ya triathloni inayosahaulika. Aliyeumia muundi akikaa nyumbani wiki tatu anapoteza kila kitu. Akizihamisha saa zake hapotezi pumzi.

Dalili: Umechoka wiki nzima, usingizi mbaya, huna hamu, na mazoezi hukosi hata moja

Jambo la kwanza la kuangalia ni ukali wa mazoezi. Saa zinaweza kuwa zilezile 7. Anayefanya michezo mitatu ana kishawishi cha kufanya kila zoezi kwa bidii ya kati: si jepesi la kumpumzisha, si kali la kumjenga. Kila siku anarudi ametoka jasho na kuridhika, na kila wiki anazama kidogo. Kipimo chepesi ni mazungumzo. Sehemu kubwa ya baiskeli na mbio iwe ya mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima bila kuhema. Mazoezi makali yawe mawili kwa wiki, matatu yakizidi, na yasifuatane. Hapa watu wanakosea hesabu: wanadhani baiskeli kali ya Jumanne na mbio kali za Jumatano ni michezo tofauti, basi hazifuatani. Mapaja ni yaleyale.

Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani, kwa dakika nzima. Yakipanda kuliko kawaida yako kwa mapigo saba au kumi, siku mbili tatu mfululizo, geuza zoezi kali la siku hiyo liwe jepesi au ulale.

Joto linachangia. Kati ya Disemba na Machi, mbio za saa 3 asubuhi si mbio zilezile za saa 12. Ukilazimisha kasi ya kipupwe ndani ya jua la Februari, umegeuza zoezi jepesi kuwa kali bila kujijua. Dafu ni zuri, lina potasiamu ya kutosha, lakini sodiamu yake ni ndogo na jasho linatoka na sodiamu nyingi. Ukitoka kwenye baiskeli ya zaidi ya saa moja na nusu, tia chumvi kidogo.

Kisha Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, katikati ya joto. Usijaribu kuongeza chochote mwezi huo. Lengo ni kutunza ulicho nacho: baiskeli nyepesi au mbio nyepesi dakika 30 hadi 45 kabla ya futari, ili ukimaliza maji yawe karibu, na zoezi moja au mawili yenye nguvu kidogo baada ya tarawehe, pale penye taa na pasipo magari mengi. Kuogelea ndiko kunakobana: mchana kuna suala la maji kuingia kooni, ambalo muulize shehe wako, na usiku baharini usiingie. Wengi huacha kuogelea mwezi mzima. Si msiba. Fanya mazoezi ya mabega kwa mipira ya kuvuta nyumbani mara mbili kwa wiki, na baada ya Idi ogelea mara nne kwa wiki, dakika 20 kila mara, mpaka hisia ya maji irudi. Hiyo hutokea haraka kuliko watu wanavyoogopa.

Dalili: Ratiba ni nzuri, lakini kila wiki inavunjika Jumatano

Harusi, msiba, zamu ya usiku hotelini, mtoto kaugua. Ratiba isiyotarajia haya imeandikwa kwa mtu mwingine. Andika wiki yako ukijua mapema ni zoezi gani litafutwa kwanza. Mpangilio wangu wa kufuta ni huu: kwanza mbio nyepesi ya ziada, kisha baiskeli fupi ya katikati ya wiki, kisha mazoezi ya nguvu. Vinavyobaki hadi mwisho ni baiskeli ndefu yenye mbio fupi za kuunganisha, na kuogelea mara mbili. Anayeanza na kuogelea vibaya, kuogelea kwake ndiko kuwe kwa mwisho kufutwa. Anayeogelea vizuri, kama wale waliokulia kwenye ngalawa Kizimkazi au Nungwi, na afute kuogelea kwanza bila wasiwasi, abaki na baiskeli.

Usilipe deni. Aliyekosa Jumanne na Jumatano, kisha akabana yote Alhamisi hadi Jumapili, ndiye ninayemkuta wiki mbili baadaye akiuliza kuhusu muundi.

Na masika yakifika, barabara zikijaa maji na bahari ikichafuka, geuza mgawo wote kwa wiki chache bila kujilaumu: mbio zichukue saa 3, mazoezi ya nguvu saa 1 na nusu, baiskeli siku za anga nyeupe tu, kuogelea panapokuwa safi. Ziongeze mbio hizo za ziada hatua kwa hatua, sehemu ile ya kumi kwa wiki, uanze kabla mvua hazijashika.